Kulala Ndani ya Gari Ufukweni: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo watalii huyaendesha kutoka nchi hadi nchi na kuyafanya nyumba zao kila jua linapozama. Wasomaji wengi wanayaita magari ya kulala, nami nitafuata jina hilo. Huingia Kanda ya Ziwa kwa Sirari yakitoka Kenya, kwa Mutukula yakitoka Uganda na kwa Rusumo yakitoka Rwanda, na wenye magari hayo mara nyingi hutafuta pa kulala karibu kabisa na maji. Maswali haya nayaona yamekuja wakati unaofaa, kwa sababu ni rahisi kuweka utaratibu kabla ugomvi haujaota mizizi. Barua nimezifupisha bila kubadili maana.

Mama Mwandishi, salaam. Mimi ni mkazi wa siku nyingi upande wa Igombe. Hivi karibuni magari ya wageni yalilala kwenye mchanga wa mwalo wetu, palepale ambapo kina mama huanika dagaa. Sungusungu walikwenda usiku wa manane kuwaamsha waondoke, wageni wakaogopa, maneno yakawa mengi. Je, tuna haki ya kuwaondoa? Na mwenye kauli ya mwisho ni nani? — Mzee wa Igombe, Ilemela

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako lina mambo mawili ndani yake: nani ana mamlaka juu ya ufukwe, na mamlaka hayo yatumikeje usiku.

Mtaa peke yake hauwezi kutunga marufuku wala kutoza faini. Uwezo wa kutunga sheria ndogo uko kwa halmashauri, ambayo kwa upande wenu ni Manispaa ya Ilemela, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, na sheria ndogo hizo hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hata hivyo, mwalo si ardhi isiyo na mwenyewe. Una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile mnachokiita BMU, kinachofanya kazi pamoja na afisa uvuvi, na kikundi hicho kina kila sababu ya kumwambia mgeni kwamba eneo hili ni la kazi na gari lake haliwezi kulala hapo. Mgeni akikataa, jambo liende kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na likishindikana liende polisi.

Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 57 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa, shughuli za kudumu za kibinadamu pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ufukwe. Wengi wanaikumbuka sehemu ya kwanza tu, ya majengo na mashamba. Gari lililosimama usiku mmoja si jengo, na mtu akisema kwamba gari hilo si la kudumu atakuwa amesema kweli. Lakini kumwaga majitaka ya choo, kufua kwa sabuni ziwani au kukata miti ya ufukweni ili gari lipate nafasi ni mambo yanayoangukia sehemu ile ya pili, hata yakifanywa kwa saa moja.

Sababu yenu iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni dagaa wenyewe. Wavuvi hutoka na taa zao katika siku za giza, mbalamwezi ikiwaka hupumzika, na mitumbwi hurudi alfajiri ikiwa na mzigo unaotakiwa kutandazwa mapema ili jua la kwanza lisipotee. Mama aliyenunua ndoo zake alfajiri na kukuta magari yenye hema na viti yamekalia mchanga wake hawezi kusubiri wageni waamke, wanywe chai na wakunje vitanda, kwa sababu dagaa waliochelewa kukauka huharibika na hasara ni yake. Mgeni akielezwa hivyo kwa utulivu huelewa, kwani hakuna aliyesafiri maelfu ya kilomita kuja kumharibia mtu riziki.

Sasa kuhusu usiku. Msiwaamshe watu saa nane za usiku kwa marungu na tochi. Mtu aliye katika nchi asiyoijua, anayesikia vishindo nje ya mlango wake, hawezi kutofautisha mlinzi na mwizi, na dereva aliyejaa hofu anaweza kuondoka kwa kasi gizani kwenye njia yenye mawe na watu. Tena usiku ndipo viboko hutoka majini kwenda malishoni, na hakuna mahali pa hatari zaidi kuliko katikati ya kiboko na maji yake. Wageni hufika kabla ya jua kuzama. Huo ndio wakati wa kuwasalimu, kuwaeleza na kuwaonyesha mahali pengine. Wekeni kibao kwa Kiswahili na Kiingereza, kitaje kwamba eneo ni la kuanikia dagaa, kitaje saa, na kitaje namba ya ofisi ya mtaa.

Shikamoo mama. Dada yangu anaishi Uingereza na nitakwenda kumtembelea mwezi Agosti. Shemeji ana mpango wa kukodi gari la kulala ili tuzunguke miji ya pwani. Nimeona picha ya kibao kinachozuia magari hayo kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Dada anasema huo ni ubaguzi dhidi ya wageni; shemeji anasema tukizima taa na kushusha mapazia hakuna atakayejua. Nimsikilize nani? — Binti wa Nyegezi, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Katika hili usimfuate yeyote kati ya hao wawili, ingawa wote wanakutakia mema.

Uingereza haina sheria moja ya nchi nzima inayokataza mtu kulala ndani ya gari lililoegeshwa barabarani. Kinachotumika ni amri za halmashauri, barabara kwa barabara. Kwenye pwani ya North Yorkshire, kwa mfano, halmashauri ilitumia amri ya majaribio kuzuia magari ya kulala yasiegeshwe katika baadhi ya barabara za ufukweni za maeneo ya Scarborough na Whitby kwa saa hizohizo ulizozitaja. Kwa sheria yao, amri ya majaribio haiwezi kuzidi miezi 18, na katika miezi sita ya mwanzo wananchi wana nafasi ya kuandika pingamizi, kisha halmashauri huamua kuifanya ya kudumu au kuiacha. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu unamlazimisha mtawala kuona kwanza marufuku yake imezaa nini kabla ya kuikazia.

Si ubaguzi dhidi ya wageni kutoka nje. Wengi wa wenye magari hayo ni Waingereza wenyewe, na walioyalalamikia ni majirani zao. Barabara ya ufukweni katika mji wa zamani ni nyembamba na nafasi za kuegesha ni chache. Gari refu likikaa siku nne mbele ya nyumba linaziba mwanga na mandhari, linachukua nafasi ya watu waliokuja kuogelea kwa mchana mmoja, na mara nyingine huacha nyuma yake taka na majimaji yasiyosemeka. Wenye kambi za kulipia nao hulalamika kwamba wao wanatozwa kodi na kutimiza masharti, ilhali wengine wanalala bure mita chache kutoka lango lao. Upande wa pili, wenye magari husema kwamba wananunua chakula na mafuta katika mji huo, kwamba wao ni wasafi, na kwamba wanaadhibiwa kwa makosa ya wachache. Kila upande una ukweli wake.

Ushauri wa shemeji wa kuzima taa utawagharimu. Amri ya namna hiyo inazuia kuegesha, kwa hiyo mkaguzi hahitaji kujua kama ndani kuna mtu. Atabandika notisi ya faini kwenye kioo, ambayo kwa kawaida hupunguzwa kwa nusu ikilipwa ndani ya siku 14. Kwa gari la kukodi, notisi humfikia mwenye gari, naye huwatafuta ninyi na kuongeza gharama yake ya usumbufu. Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: huko mtu aliyelewa anaweza kushtakiwa kwa kuwa na gari chini ya mamlaka yake mahali pa umma hata kama halitembei, kwa hiyo kunywa na kulala humo barabarani si kinga.

Agosti ni likizo ya shule na kambi hujaa, hivyo mwambieni shemeji aweke nafasi mapema. Baadhi ya halmashauri zimetenga maegesho yanayoruhusu kulala kwa ada. Yapo pia mashamba madogo yaliyoidhinishwa kupitia vyama vya wenye magari hayo, yanayopokea magari yasiyozidi matano kwa wakati mmoja, ila mengi ni kwa wanachama. Someni kibao cha kila barabara mnayosimama, hata kama mlilala barabara ya jirani jana yake bila tatizo.

Ndugu Mwandishi, kwa nini Jiji la Mwanza na manispaa jirani zisipige marufuku moja kwa moja magari haya kulala popote karibu na ziwa? Ulaya wamefanya hivyo. Sisi tunakunywa maji haya. — Mkazi wa Capri Point

Barua yako ni fupi lakini ndiyo iliyonikalisha muda mrefu kuliko zote, kwa sababu sentensi yako ya mwisho ndiyo kiini cha suala zima.

Nianze na Ulaya. Ureno ilijaribu marufuku ya jumla. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilibadili sheria yake ya barabarani, na kuanzia Januari 2021 ikawa ni kosa kulala ndani ya gari la aina hii mahali popote nje ya maeneo yaliyotengwa, usiku ukihesabiwa kuanzia saa 3 hadi saa 1 asubuhi. Agosti ya mwaka huohuo sheria ililegezwa: ukaruhusiwa muda usiozidi saa 48 katika manispaa moja, lakini katazo likabaki pale pale kwa maeneo ya hifadhi na yale yaliyo chini ya mipango ya ukanda wa pwani. Hispania imechukua njia nyingine, ya kutofautisha kuegesha na kupiga kambi. Gari linalogusa ardhi kwa magurudumu yake tu, ambalo halijatoa viti wala kivuli nje ya mwili wake na halimwagi chochote, limeegeshwa, hata kama ndani kuna watu wamelala. Likitoa meza na kamba ya nguo, limepiga kambi. Ila kwenye fukwe zenyewe, Sheria ya Pwani ya mwaka 1988 inakataza kuegesha na kupiga kambi kwa pamoja. New Zealand wanaangalia choo: kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023, gari linalotaka kutambuliwa kuwa linajitosheleza lazima liwe na choo kilichokazwa humo ndani daima, si cha kubebeka. Ufaransa, pamoja na makatazo yake ya kupiga kambi ufukweni, imejaa vituo vya manispaa ambapo gari linaweza kujaza maji safi na kumwaga machafu.

Ukitazama nchi hizo kwa pamoja utaona kwamba katazo limekuwa na nguvu pale lilipokwenda sambamba na mahali pa kwenda. Katazo lisilo na mbadala humsogeza tu mgeni. Ukimfukuza ufukwe wa mjini, ataendesha mpaka apate mwalo usio na kibao, usio na choo cha umma na usio na mtu wa kumwelekeza, na huko atafanya usiku kile ambacho angekifanya vizuri mjini. Mzee wa Igombe aliyetuandikia hapo juu ndiye atakayepokea mzigo wa marufuku ya Capri Point.

Lakini unaposema tunakunywa maji haya, hapo nasimama nawe kabisa. Miji ya bahari hugombea nafasi na mandhari. Kwetu jambo hili ni la afya. Chanzo cha maji cha Capri Point kinalisha jiji. Maji yanayochukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafirishwa kwa mabomba hadi Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga na Tabora, na hivyo uchafu wa ufukweni una njia ya kumgusa mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa. Tena kuna kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, yakifika majini huanguliwa na kuingia ndani ya konokono, kisha vijidudu vitokavyo kwa konokono hupenya ngozi ya mtoto anayechota maji au mvuvi anayesukuma mtumbwi. Tangi moja la choo lililotumiwa na mtu aliyeambukizwa, likimwagwa kando ya magugu, linaweza kuendeleza mzunguko huo. Mgeni huyohuyo naye akioga hapo asubuhi anaweza kuondoka nao.

Kwa hiyo ningependa kuona sheria ndogo inayosema wazi mahali ambapo gari halitalala kamwe, yaani kandokando ya vyanzo vya maji, kwenye mialo na kwenye maeneo oevu. Inayotaka kila gari linaloruhusiwa kwingineko liwe na choo chake ndani. Inayoweka kikomo cha usiku mmoja au mawili. Na, kabla ya faini yoyote kuanza kutozwa, inayotenga angalau eneo moja lenye mahali pa kumwagia majitaka. Bila sharti hilo la mwisho, yale mengine matatu yatabaki kwenye karatasi.

Dada Mwandishi, mimi ni dereva wa lori. Napakia dagaa pale Mwaloni Kirumba na mara nyingi nalala kwenye kibanda cha gari. Haya makatazo mnayoyataka yatanigusa na mimi? — Dereva, Mwanza

Hayapaswi kukugusa, kaka yangu, na watungaji wa sheria ndogo walizingatie hilo kwa maneno yaliyo wazi. Dereva anayelala ili aamke salama yuko kazini. Ujerumani, ambako kupiga kambi barabarani ni marufuku, hukubali kwamba mtu yeyote anaweza kusimama usiku mmoja ili kurejesha uwezo wake wa kuendesha, na sioni kwa nini sisi tuwe wakali zaidi ya hapo kwa watu wanaotulisha. Wewe kwa upande wako usizibe njia wala lango la watu, na usilale katika hifadhi ya barabara kuu mahali ambapo gari jingine linaweza kukugonga gizani. Wenzako waliokuwa wakikesha kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo wamepumzishwa na Daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, na hiyo inaonyesha jinsi miundombinu inavyoondoa kero ambayo polisi wasingeiweza.

Mama, shikamoo. Mimi ni kijana ninayeongoza wageni kuzunguka ziwa, kutoka Musoma hadi Bukoba. Wageni huniuliza wamwage wapi tangi la choo, nami sina jibu la uhakika. Wengine waliambiwa wachimbe shimo mchangani. Pia usiku ukiwa na baridi ya mvua huwasha jiko la mkaa ndani ya gari. Niwashauri nini? — Kijana wa Musoma

Marahaba, baba. La mkaa kwanza, kwa sababu linaua usiku huohuo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba kidogo kilichofungwa mtu hulala usingizi asioamka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mkaa hauingii ndani ya gari, hata ukiwa umebaki majivu yenye joto, na jambo hili lisiwe na mjadala kati yako na wageni wako.

Kuhusu choo, shimo la mchangani karibu na ziwa ni sawa na kumwaga ziwani, kwa sababu mchanga huyapitisha maji kwa urahisi na maji ya chini yako karibu. Matangi ya magari haya ni madogo, mengi huchukua lita zisizofika 20, kwa hiyo yanajaa baada ya siku chache na kila safari yako inahitaji mpango. Omba ruhusa katika nyumba ya wageni au kituo cha mafuta chenye choo cha kuvuta maji kilichounganishwa na mtandao wa majitaka, lipa ada ndogo, na mwaga humo polepole. Waulize wageni wanatumia dawa gani ya choo. Nyingine zina fomaldehaidi, ambayo huua bakteria wanaovunja uchafu ndani ya shimo la majitaka la nyumbani, kwa hiyo usimwage nyingi kwenye shimo dogo la mtu hata kama amekubali kwa ukarimu. Majitaka ya kuoshea vyombo yana mafuta na sabuni. Hayo nayo yakusanywe kwenye ndoo na yaende palepale.

Chagua mahali pa kusimama mchana, na tazama mwinuko. Ziwa hili hupanda. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 hadi Mei 2020 lilipanda kwa zaidi ya mita moja na kufikia kiwango cha juu kilichozidi hata kile cha mwaka 1964, na kwenye ufukwe tambarare mita moja ya kimo humeza makumi ya mita za nchi kavu. Gari liwe juu ya alama ya majani na takataka zilizoachwa na mawimbi, mbali na njia za viboko ambazo utazitambua kwa nyasi zilizolala na ardhi iliyokanyagwa hadi majini.

Mwandishi, salaam. Nina kiwanja Luchelele, kimeteremka kuelekea ziwani. Nimeona wageni wanalala barabarani na nikafikiri nikifungue kiwe mahali pao pa kulipia. Watoto wangu wanasema ni biashara ya kuweka geti na kusubiri tu. Je, ni rahisi hivyo? — Mama wa Luchelele, Nyamagana

Wazo lako, dada yangu, ni zuri, na ninatamani wangekuwepo wengi wenye mawazo kama hayo, lakini geti ndilo jambo la mwisho kununua.

Anza kwa kupima mita 60 kutoka ufukweni na ujue kiwanja chako kinabaki na nini baada ya hapo. Mpimaji akufanyie na aweke alama, kwa sababu kila utakachokijenga, kuanzia choo hadi kibanda cha mlinzi, kinapaswa kukaa upande wa juu wa alama hiyo. Kisha nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri umweleze kusudi lako ili akuelekeze kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na uende Ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria hapa Mwanza ikiwa unafikiria kutoa maji ziwani kwa pampu. Kupokea watalii kwa malipo ni biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na eneo la kupigia kambi linahesabiwa humo, kwa hiyo ulizia leseni ile inayojulikana kwa jina la TALA pamoja na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Usipokee gari la kwanza kabla ya kukamilisha haya, hata mgeni akikubembeleza.

Majitaka ndiyo yatakayokuinua au kukuangusha. Mwamba wetu wa Mwanza uko karibu na uso wa nchi, udongo juu yake ni mwembamba, na maji machafu yakikosa pa kuzama huteleza juu ya jiwe moja kwa moja mpaka ziwani. Kwa sababu hiyo shimo la kawaida la kunyonya halikufai. Jenga tangi lisilovuja, lililosakafiwa chini na kando, lenye mfuniko ambao gari la kunyonya majitaka linaweza kuufikia bila kukwama, na panga mapema ni nani atakayekuja kulinyonya na kwa bei gani. Matangi ya choo ya wageni, kwa ajili ya dawa zile nilizomweleza kijana wa Musoma, yamwagwe kwenye tangi hilo, yasiingie kwenye shimo la nyumba yako. Weka bomba la kusuuzia matangi hayo mbali na bomba la maji ya kunywa, na utofautishe mabomba hayo kwa rangi, maana mgeni aliyechoka hufungua lile analolikuta kwanza.

Magari yenyewe mengi yana kimo cha karibu mita tatu na urefu wa mita sita au saba, na malori ya misafara ni marefu zaidi. Tazama nyaya za umeme juu ya njia yako na matawi ya miembe. Mteremko ni mzigo kwao, kwa sababu hawawezi kulala kitanda kikiwa kimeinama na friji zao nyingine hazifanyi kazi vizuri gari likiinama, hivyo chonga matuta machache yaliyo sawa na uyashindilie changarawe ili masika yasiyageuze tope. Ukiwapa umeme, kila gari liwe na swichi yake ya kujikata, na fundi apime waya wa ardhi kwa kifaa, kwa maana kwenye mwamba kuchomeka chuma ardhini kwa kubahatisha hakumlindi mtu.

Usianze na magari ishirini. Wale wenye mashamba madogo ya Uingereza niliowataja kwa binti wa Nyegezi huishia matano, na matano yanakutosha wewe pia mpaka ujue tangi lako linajaa baada ya siku ngapi. Toza kwa gari na kwa usiku, uandike bei kwenye kibao langoni, uweke kitabu cha wageni, na utaje saa ya kuzima muziki. Zungumza na majirani kabla ya ufunguzi, hasa wale wenye njia ya kwenda kuchota maji inayopita kando ya kiwanja chako, na njia hiyo usiizibe. Halafu peleka namba yako ya simu kwa mtendaji wa mtaa na kwa sungusungu, ili wakimkuta mgeni amesimama barabarani jioni wawe na mahali pa kumwelekeza.